UZI: Sheria za afya zipo tangu 2023, dispensari zetu za bara bado kavu. Pesa zakwama wapi?

MwanaMajengo (mwanzisha uzi)

Salaam wadau wa Pwani.

Sisi wa Mombasa tuna tabia moja. Tukipigiwa simu kwamba mtu wa nyumbani huko bara anaumwa, hatuulizi dispensari ya kule ina dawa au haina. Twauliza nauli. Mgonjwa apakiwe kwenye matatu, aletwe Makadara. (Kwa mgeni: Makadara ndiyo Coast General, hospitali ya rufaa ya Pwani yote, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River hadi Lamu.) Simama kwenye foleni ya pale asubuhi usikilize: Kiduruma, Kigiriama, Kitaita, Kipokomo. Aliyevunjika mfupa au mwenye saratani, sawa, hapo ndipo pake. Lakini wangapi waja na presha, sukari, homa ya mtoto? Hayo ni maradhi ya dispensari.

Sasa nataka tuzungumze pesa na sheria, vyama tuviache mlangoni.

Oktoba 2023 Rais alitia sahihi sheria nne za afya kwa mpigo. Ya bima ya jamii, iliyoizaa SHA, mamlaka ya bima ya afya. Ya afya ya msingi. Ya afya ya kidijitali. Na ya nne, ya fedha za kuboresha vituo vya afya, ambayo maafisa huiita FIF. Tangu siku hiyo nchi nzima yabishania moja tu. Barazani ni SHA, kwenye feri ni SHA. Asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara ni kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Julai 2024 Mahakama Kuu ikazibatilisha tatu kati ya hizo nne, Septemba Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza, NHIF, bima ile ya zamani, ikaenda zake. Kelele nazielewa, hata mie mshahara wangu wakatwa.

Lakini kwa bibi aliye kijijini, ile ya nne ndiyo yenye uzito, na haina mtu wa kuitaja.

Mnakumbuka mwaka 2004 ada za vituo vidogo zilivyoshushwa: shilingi 10 dispensari, 20 kituo cha afya. Mwananchi akapumua, kituo kikabaki bila mapato. Ndipo 2005, hapahapa Pwani, kwa msaada wa Denmark, pakajaribiwa jambo lililokuwa geni nchini: pesa kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya dispensari, kisha nesi na kamati ya wanakijiji wakae waamue. Kumlipa mfagiaji. Nauli ya nesi wa chanjo. Gesi ya friji. Choo kilichobomoka. Vitu vidogo ambavyo waziri hawezi kuvifahamu akiwa Nairobi. Jaribio lilienda vizuri na 2010 utaratibu huo ukapelekwa nchi nzima. Kwa hivyo msituambie Pwani hatujawahi kufunza Kenya kitu.

2013 ukaja ugatuzi, na mwaka uohuo ada za dispensari na vituo vya afya zikafutwa kabisa. Afya ikawa mikononi mwa kaunti, na pesa zikaanza kupita kwenye mfuko mkuu wa kaunti kwanza. Zikiingia kule, kuzitoa ni shughuli.

FIF yarudisha mambo: kinachopatikana kituoni kibaki kituoni, kitumike, hesabu itolewe. Swali langu kwenu mlio na watu nyumbani: dispensari ya kwenu yaziona pesa zake?

Kijogoo_Kisauni

Yakhe uzi mrefu hivi na chai sijanywa. Dispensari ya kwetu yafungwa saa nane mchana. Nesi akiitwa semina yafungwa mpaka arudi. Hiyo ndiyo hesabu niijuayo.

SistaWaBara

Kijogoo, huyo nesi unayemcheka ni mimi. Yaani si mimi wa kwenu, lakini ni mimi.

Nasimamia dispensari moja bara, sitaji kaunti kwa sababu nataka kustaafu kwa amani. Niko peke yangu. Nazalisha, nachanja, natoa dawa, naandika ripoti, na mgonjwa akizidiwa ndiye mimi napiga simu ya ambulensi nikiwa nimemshika mkono. Semina nikiitwa siwezi kukataa, kwa sababu huko ndiko tunakofundishwa huo mfumo mpya wa madai. Usipoujua, kituo hakilipwi.

MwanaMajengo ameeleza vizuri lakini ameruka jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui. SHA ina mifuko mitatu. Mfuko wa bima ndio unaoingia michango yenu. Mfuko wa dharura na maradhi sugu ni wa pili. Wa tatu, wa afya ya msingi, hautokani na mchango wa mtu yeyote. Unatokana na bajeti ya serikali, Bunge ndilo linalotenga. Huo ndio unaopaswa kulipia matibabu ya kawaida kwenye dispensari na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Maana yake mzee akiwa amejiandikisha tu, hata kama hajalipa hata shilingi 300 moja, kwangu anaonwa bure. Nawaambia kila siku, hawaniamini. Wanasema, "Sista, sijalipa SHA, wacha niende dukani ninunue Panadol."

Sasa utaratibu wenyewe. Mgonjwa akija namtafuta kwenye mfumo, na mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu aliyojiandikisha nayo. Mama wa miaka sabini hana simu. Aliandikishwa na mwanawe aliyeko Changamwe, kwa simu ya mwanawe. Namba inaingia Changamwe, mwana yuko kazini bandarini, hapokei. Mimi na mama tunatazamana. Alama za vidole nazo zinataka mtandao, na mtandao kwetu uko juu ya kilima. Namtibu, kwa sababu sikusomea kufukuza watu, lakini matibabu yale hayaingii kwenye hesabu. Mwisho wa mwezi kituo changu kinaonekana hakina wagonjwa.

Kijogoo_Kisauni

Sista niwie radhi. Huyo mwana wa Changamwe nahisi namjua.

Mhasibu_Tudor

Naongezea upande wa hesabu, maana hapa ndipo watu hulaumu mtu asiyehusika.

Katiba, kifungu cha 207, yataka pesa zote za kaunti ziingie kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, ila zile ambazo sheria imezitenga. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kifungu cha 109, yakariri hayohayo. Kwa hivyo baada ya 2013 afisa wa fedha aliyeziacha pesa za hospitali zikae hospitali alikuwa ajitafutia makosa kwa mkaguzi. Haikuwa lazima awe mwizi, sheria ndiyo iliyomfunga. Kaunti chache zikatunga sheria zao wenyewe kuruhusu hospitali zibaki na mapato, nyingi zikalala. FIF ya 2023 imeiweka ruhusa hiyo kitaifa. Kisingizio kimekwisha.

Jambo la pili. Ada zilipofutwa 2013, serikali kuu iliahidi fidia kwa kaunti, na ilikuwa ikija kama ruzuku yenye masharti, shilingi milioni 900 kwa mwaka kwa kaunti zote 47. Zigawanye mpaka zifike kwa dispensari moja, utapata pesa kidogo mno, lakini angalau zilikuwa na jina. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo, pamoja na ile ya hospitali za ngazi ya 5 kama Makadara, iliunganishwa na mgao wa kawaida wa kaunti. Mgao ulipanda kutoka bilioni 316.5 hadi 370. Watu walishangilia nyongeza. Kumbe ndani yake mlikuwa na pesa za dispensari zilizovuliwa jina. Pesa isiyo na jina yaenda kwenye barabara ya kokoto, na barabara yaonekana wakati wa kura.

Fundi wa Jomvu

Mnazungumza kama kwamba pesa zikifika kijijini zitatumika. Mie nimeishi kijijini. Mwenyekiti wa kamati ya dispensari ni shemeji ya diwani, mweka hazina ni mpwa wa mwenyekiti. Mkiwapa akaunti mtaona pikipiki mpya. Afadhali ziliwe na kaunti, huko angalau kuna mkaguzi.

SistaWaBara

Kaka Fundi, sikatai, kamati za namna hiyo zipo. Lakini linganisha. Kamati ikila elfu ishirini, kijiji kizima kitajua kabla ya magharibi, kwa sababu gesi ya friji haikununuliwa na chanjo zimeharibika, na pikipiki inapita barabarani. Hizo za makao makuu zikipotea mimi nitajuaje? Sijui hata zilikuwa ngapi. Naambiwa tu "pesa bado hazijafika," na aliyeniambia naye ameambiwa.

Kinachohitajika ni hesabu ibandikwe ukutani. Zimeingia ngapi, zimenunua nini. Tulikuwa tukifanya hivyo enzi zile za kabla ya ugatuzi, kwa karatasi na gundi.

MwanaMajengo

Fundi, hoja yako ni nzito na mie siipuuzi, ila sikubali mwisho wake. Wewe wasema wezi wa kijijini ni wabaya kuliko wa mjini. Mie nasema wa kijijini ana jirani.

Baharia_Mstaafu (niko Ohio kwa mwanangu)

Vijana, mie natazama kutoka huku nacheka kwa sababu Wamarekani nao wana kilio hichohicho, na wana pesa za kumwaga.

Huku hospitali ya mashambani hufa kwa hesabu moja nyepesi. Taa, nesi wa usiku, daktari wa zamu, hivi vyote vyalipwa uwe na wagonjwa watano au hamsini. Ukilipwa kwa idadi ya wagonjwa, na mji wako una watu wachache, huwezi kusimama. Mwaka 1997 Bunge lao lilitunga kifungu: hospitali ndogo isiyozidi vitanda 25, iliyo mbali na nyingine, kwa kawaida zaidi ya maili 35, hailipwi kwa kichwa. Bima ya serikali ya wazee yailipa gharama zake halisi na asilimia moja juu. Leo hospitali za aina hiyo zapita 1,300.

Na bado zafungwa. Tangu 2010 zaidi ya 100 za mashambani zimefunga milango au zimeacha kulaza wagonjwa. Mwaka 2025 sheria moja kubwa ya bajeti ikapunguza pesa za bima ya maskini, na papo hapo ikatenga dola bilioni 50 kwa miaka mitano kuzisaidia hizohizo hospitali za mashambani. Mkono huu wachota, mkono ule wamwagia. Kwa hivyo msidhani Bunge likitoa sheria nzuri basi mmelala usingizi. Lakini lile wazo la kumlipa aliye mbali kwa gharama na si kwa vichwa, hilo mlichukue.

SistaWaBara

Mzee, Mungu akupe umri. Umesema jambo linaloninyima usingizi. Dispensari ya mjini yenye foleni hadi barabarani na yangu yenye watu waliotawanyika porini tunapimwa kwa kibaba kimoja. Mwanamke anatembea nusu siku kunifikia. Mwezi wa mvua, mto ukijaa, hafiki mtu kabisa, lakini mimi nipo na friji ya chanjo lazima iwake.

Mama Hodihodi

Mie ni mhudumu wa afya wa jamii, sisi wa fulana na mkoba. Tulizinduliwa Septemba 2023, zaidi ya laki moja nchi nzima, na sheria ya afya ya msingi imetutambua rasmi. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kujitolea tu, tukipewa asante na leso. Posho ni 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti.

Huku kwetu nusu moja hufika na nusu nyingine huenda matembezi. Sitasema ipi.

Lakini kazi twafanya. Napita nyumba kwa nyumba na kipimo cha presha na cha sukari. Nikimkuta mtu ana presha ya kutisha nampeleka kwa Sista. Afika, dawa hamna. Siku ya pili akiniona aingia ndani ajifanya hayupo. Mwaona basi? Sheria imenipa mkoba wa kumtafuta mgonjwa, lakini haikuhakikisha atakachokikuta akifika. Ile sheria yasema tuwe mtandao mmoja: sisi nyumbani, dispensari, kituo cha afya, mpaka hospitali ya ngazi ya 4 ambayo ndiyo kitovu, madaktari wake washuke kutusimamia. Kwenye karatasi ni nzuri, mpaka nikaikata nikaibandika ukutani.

Mhasibu_Tudor

Mama, hapo ndipo bajeti yaingia. Mwaka wa fedha wa 2025/26 mfuko wa afya ya msingi ulitengewa bilioni 13.1, na ule wa dharura na maradhi sugu bilioni 8. Kutengewa na kutolewa ni safari mbili tofauti. Hazina Kuu ya serikali hutoa kwa mafungu, kaunti zikikawizwa nazo zakawiza, na wa mwisho kwenye foleni ni friji ya Sista.

Mtaita_Asili

Mbona hakuna anayetaja Hazina ya Usawazishaji? Katiba, kifungu cha 204. Nusu asilimia ya mapato ya taifa iende maeneo yaliyotengwa kwa maji, barabara, umeme na vituo vya afya. Sera ya kwanza ilitaja kaunti 14. Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zote zimo. Pwani yote isipokuwa Mombasa. Nani amewahi kuona dispensari iliyoandikwa jina la hazina hiyo ikiwa na nesi ndani? Jengo nimeliona. Popo ndio wamo.

Fundi wa Jomvu

Hahaha. Hilo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kandarasi ya jengo ina watu wake. Mshahara wa nesi hauna kandarasi.

Mhasibu_Tudor

Fundi amelenga. Kujenga ni bajeti ya maendeleo, kumlipa nesi ni ya matumizi ya kawaida. Hazina hiyo haikuundwa kwa mishahara, na kaunti nayo imebanwa, kwa kuwa kanuni zaiwekea mishahara kikomo cha asilimia 35 ya mapato. Basi yajengwa, yafungwa. Na kumbukeni hazina yenyewe ina umri wa miaka 20 tangu Katiba ianze 2010. Ikifika 2030 yakoma, Bunge lisipoiongeza muda. Wabunge wetu wa Pwani sijawasikia wakiliulizia hilo.

MwanaMajengo

Nimesoma yote. Naona tunarudi palepale: Bunge la Nairobi limeshafanya sehemu yake, vizuri au vibaya. Vita vya sasa viko kwenye bunge la kaunti, kwa yule MCA, mwakilishi wetu wa wadi, ambaye twamjua hadi kwao. Yeye ndiye anayepitisha bajeti ya afya ya kaunti, na yeye ndiye anayeweza kumuuliza waziri wa afya wa kaunti: dispensari ngapi zina akaunti zake, na ngapi zimepokea pesa za SHA robo mwaka iliyopita? Swali hilo moja. Sio hotuba.

Sisi wa Mombasa twapenda kuchanga. Mgonjwa akilazwa, kikundi cha WhatsApp chawaka, elfu tano, elfu mbili. Nimechanga mpaka nimechoka, na sijawahi kumpigia MCA wa nyumbani hata mara moja kumuuliza kuhusu friji. Nani humu amewahi?

Kijogoo_Kisauni

Wa kwangu hapokei simu tangu 2022.

Mhasibu_Tudor

Basi mfuateni kwenye vikao. Kalenda iko kwenye sheria. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, hapo ndipo idara ya afya yakatiwa fungu lake. Makadirio yenyewe hufika kufikia 30 Aprili, na hupitishwa kufikia 30 Juni. Maoni ya umma ni lazima yasikizwe, si hisani. Mkija Juni mwaja kula halua, kila kitu kimekwisha. Njooni Februari. Na msiende na "tunaomba mtuangalie." Nendeni na karatasi: jina la dispensari, nesi wangapi, friji hai au mbovu, akaunti ipo au haipo, mara ya mwisho kupokea pesa ni lini. Maandishi yapigwe muhuri wa kupokelewa, nakala mbaki nayo.

Mama Hodihodi

Hiyo karatasi mie naweza kuijaza kwa vituo vya kata yetu. Nyumba zote nazijua na vituo vyote navijua. Nipeni tu mtu wa kunipigia chapa.

MwanaMajengo

Mama, nitumie picha ya maandishi yako hapa faraghani, mie nitapiga chapa. Mtaita, wewe je, kwenu?

Mtaita_Asili

Nimo. Lakini safu ya popo muiweke.

Kijogoo_Kisauni

Sista, swali la kweli sasa, si mzaha. Mama yangu nilimwandikisha mimi, kwa namba yangu, kupitia *147#. Yuko bara, mimi niko huku. Nifanyeje ile namba ya siri isije kwangu?

SistaWaBara

Nilijua tu ni wewe. Akija mjini, nenda naye Huduma Centre na vitambulisho vyenu, uombe namba ibadilishwe iwe ya mtu anayeishi naye kule. Mjukuu, jirani, yeyote anayepokea simu. Na kama mnaweza, achukuliwe alama za vidole hapohapo. Mpaka hapo, siku akienda dispensari, tafadhali pokea simu.